Je, Kuna Amani?
Kumbukumbu ya mshairi Hedd Wyn na fundisho la uwanja wa vita wa Ieper

(Mazungumzo kwa viongozi wa walei katika mwezi wa kuwaombea marehemu)



Katika mwezi huu wa Novemba Kanisa hutualika kuwakumbuka marehemu wetu. Nimeombwa niseme machache juu ya wale waliokufa vitani, na juu ya wajibu wa walio hai kuwakumbuka kwa haki. Ingekuwa rahisi kuzungumza juu ya vita kwa jumla. Lakini vita haviui watu kwa jumla. Huua mtu mmoja mmoja, mwenye jina lake, mwenye mama aliyemzaa, mwenye kazi aliyoiacha nusu. Kwa sababu hiyo nimechagua kuwaelezeni habari za mtu mmoja, mchungaji wa kondoo na mshairi, aliyeuawa tarehe 31 Julai 1917 katika nchi ya Ubelgiji. Tukimfahamu huyo mmoja, labda tutaelewa vizuri zaidi maana ya hesabu kubwa tunazozisoma vitabuni.

1. Mahali penyewe

Mji wa Ieper uko magharibi mwa Ubelgiji, katika nchi tambarare ya wakulima. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu mwaka 1914 hadi 1918, majeshi yalikabiliana kuuzunguka mji huo kwa miaka minne, yakijificha katika mahandaki. Ni hapo, tarehe 22 Aprili 1915, ambapo hewa ya sumu ilitumiwa kwa mara ya kwanza kwa wingi kama silaha katika vita ya Ulaya Magharibi. Na ni hapo, kuanzia tarehe 31 Julai hadi tarehe 10 Novemba 1917, palipopiganwa mapigano yanayojulikana kwa jina la kijiji cha Passendale.

Kabla ya mapigano hayo mizinga ya Waingereza ilirusha makombora zaidi ya milioni nne. Makombora hayo yaliiharibu mifereji ambayo wakulima walikuwa wameichimba kwa vizazi vingi ili kuyaondoa maji mashambani. Mvua ilipoanza kunyesha alasiri ya siku ya kwanza, nchi yote ikageuka kuwa tope. Majeruhi wengi hawakufa kwa risasi. Walizama katika mashimo yaliyojaa maji. Kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu Waingereza na wenzao walisogea mbele kiasi cha kilomita nane tu. Kila upande ulipata hasara ya watu zaidi ya laki mbili, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Na mwezi Aprili 1918, Wajerumani waliposhambulia tena, ardhi yote iliyopatikana juu ya kilima kile iliachwa kwa siku chache.

Anayezuru mahali hapo leo haoni vita. Anaona mashamba ya viazi na mahindi ya mifugo, ng'ombe, barabara nyembamba, na nyumba zilizojengwa upya kwa matofali mekundu. Lakini kila baada ya mwendo mfupi anakutana na makaburi: mawe meupe yaliyopangwa kwa mistari, yote ya kimo kimoja, ya afisa na ya askari wa kawaida bila tofauti. Katika lango la Menin, mjini Ieper, yameandikwa majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao miili yao haikupatikana. Lango hilo lilifunguliwa mwaka 1927, likaonekana halitoshi. Majina mengine karibu 35,000 yakaandikwa ukutani katika makaburi ya Tyne Cot. Tangu mwaka 1928 kila jioni saa mbili tarumbeta hupigwa chini ya lango hilo, isipokuwa katika miaka ambayo mji ulikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani katika vita ya pili. Na wakulima wa huko, hata sasa, wakilima hufukua makombora ambayo hayakulipuka, nayo jeshi la Ubelgiji huyakusanya na kuyateketeza. Vita iliyokwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado inaweza kumuua mtu aliyeshika jembe. Tulizingatie jambo hilo tunapoambiwa kwamba vita fulani itakuwa fupi.

2. Mchungaji aliyeitwa Amani

Kaskazini ya Ieper, pembeni mwa kijiji cha Boezinge, yako makaburi yaitwayo Artillery Wood. Wamelazwa humo askari zaidi ya 1,300, na zaidi ya 500 kati yao hawajulikani majina. Katika mstari mmoja kuna jiwe ambalo limeandikwa maneno ya Kiwelisi, lugha ya nchi ya Wales, yanayomtaja marehemu kuwa mshairi mkuu. Jina lake la kuzaliwa ni Ellis Humphrey Evans. Jina lake la ushairi ni Hedd Wyn.

Alizaliwa tarehe 13 Januari 1887 katika kijiji cha Trawsfynydd, kaskazini mwa Wales, akakulia katika shamba la wazazi wake liitwalo Yr Ysgwrn. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia kubwa. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi, akawa mchungaji wa kondoo wa baba yake. Elimu yake ya ushairi aliipata nyumbani, katika vitabu alivyoviazima, na katika mashindano ya mashairi ya vijijini.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Kiwelisi ni lugha ya taifa dogo lililokaa kwa karne nyingi chini ya kivuli cha jirani mkubwa. Kulikuwa na wakati ambapo watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuizungumza. Lakini wenyewe waliitunza kwa njia ya ushairi. Mashairi yao ya kale yana kanuni kali za sauti na mizani, kama vile washairi wetu wanavyoshika vina na mizani, na mtu asiyezishika hahesabiwi kuwa mshairi. Kila mwaka hufanyika tamasha kubwa la taifa liitwalo Eisteddfod, na zawadi ya juu ya mshairi ni kiti: kiti halisi cha mbao, kilichochongwa kwa ajili yake. Mkulima na mwanachuo hushindana kwa haki sawa, kwa kuwa mashairi hupelekwa kwa majina ya kupanga na waamuzi hawajui ni nani aliyeyatunga.

Ellis alishinda kiti chake cha kwanza mjini Bala mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 20. Mwaka 1910 washairi wenzake walimpa jina la Hedd Wyn. Neno "hedd" maana yake ni amani, na "wyn" ni nyeupe, safi, yenye baraka. Basi askari huyu aliingia vitani akiwa na jina la Amani.

Hakuipenda vita. Alilelewa katika kanisa la kijijini ambamo wengi waliona kwamba kuua ni kinyume cha Injili, na vita ilipoanza hakukimbilia kujiandikisha. Lakini mwaka 1916 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalazimisha vijana waende jeshini. Mashamba yaliruhusiwa kubaki na wafanyakazi wa kutosha kwa ajili ya chakula cha taifa, ila shamba la Yr Ysgwrn lilionekana kuwa na vijana wengi kupita kiasi. Ikabidi mmoja wa wana aende. Zamu ingemwangukia mdogo wake aliyeitwa Robert. Ellis akaenda badala yake.

Ndugu zangu, tusilipite jambo hili haraka. Mara nyingi hotuba za vita husema juu ya taifa, heshima na ushindi. Lakini katika nyumba ya mkulima vita ilifika kwa umbo la hesabu: mna wana wangapi, mnahitaji wangapi, tupeni mmoja. Na jibu la familia lilikuwa ndugu mkubwa kumkinga mdogo wake. Tendo lake la ushujaa lilitangulia safari ya kwenda vitani. Lilifanyika nyumbani, mezani, mbele ya wazazi wake.

3. Kiti cheusi

Mwanzoni mwa mwaka 1917 alipelekwa kwenye mafunzo huko Litherland, karibu na Liverpool. Baadaye akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa majuma saba kusaidia kazi za shamba, na katika majuma hayo aliendelea kuutunga utenzi mrefu aliokusudia kuupeleka kwenye Eisteddfod ya mwaka ule. Mada iliyotolewa na waandalizi ilikuwa neno moja: "Yr Arwr", yaani Shujaa. Alichelewa kurudi kambini, akakamatwa na askari polisi wa jeshi. Mwezi Juni alivuka bahari kwenda Ufaransa, katika kikosi cha 15 cha Royal Welch Fusiliers. Alimaliza utenzi wake huko huko, kati ya kambi na kambi, akautuma kwa posta katikati ya Julai akitumia jina la kupanga la "Fleur-de-lis", ambalo kwa Kifaransa ni ua la yungiyungi.

Wiki mbili baadaye, alfajiri ya tarehe 31 Julai, kikosi chake kilitoka mahandakini kwenda kuteka kilima cha Pilkem. Kombora lilimjeruhi karibu na njia panda ya Hagebos. Alibebwa hadi kituo cha majeruhi, akafa siku ile ile. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Tarehe 6 Septemba 1917 Eisteddfod ilifanyika Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ambako waliishi Wawelisi wengi. Ukumbini alikuwapo pia Waziri Mkuu wa Uingereza, David Lloyd George, ambaye mwenyewe alikuwa Mwelisi. Waamuzi walitangaza kwamba mshindi ni "Fleur-de-lis". Tarumbeta ikapigwa, mshindi akaitwa asimame. Hakuna aliyesimama. Wakamwita mara ya pili. Wakamwita mara ya tatu. Ndipo mkuu wa washairi alipowaeleza watu kwamba mshindi ameuawa vitani wiki kadhaa zilizopita. Kiti kitupu kikafunikwa kitambaa cheusi, na watu wakalia waziwazi. Tangu siku hiyo tamasha lile huitwa Eisteddfod ya Kiti Cheusi.

Kuna habari nyingine juu ya kiti hicho ambayo haistahili kusahauliwa. Aliyekichonga hakuwa Mwelisi. Aliitwa Eugeen Vanfleteren, fundi seremala kutoka Ubelgiji, mmoja wa Wabelgiji wapatao 250,000 waliokimbilia Uingereza Wajerumani walipoivamia nchi yao. Kwa hiyo mkimbizi kutoka Ubelgiji alichonga kiti kwa ajili ya mshairi wa Wales, na mshairi huyo akafa katika ardhi ya Ubelgiji. Sisi ambao nchi zetu zimewapokea wakimbizi kwa miaka mingi tunafahamu jinsi watu wengine wanavyowatazama kama mzigo. Kiti hicho ni ushahidi kwamba mkimbizi huja na mikono yake, na mikono hiyo inaweza kuiachia nchi iliyompokea kitu chake cha thamani kuliko vyote. Hadi leo kimetunzwa katika nyumba ile ile ya Yr Ysgwrn. Kwa miaka mingi jamaa za mshairi waliendelea kuishi humo na kuwakaribisha wageni, na baadaye nyumba ilinunuliwa kwa ajili ya umma.

Mwaka 1923 watu wa Trawsfynydd walimjengea sanamu kijijini kwao. Wangeweza kumchonga akiwa na bunduki na kofia ya chuma, kama sanamu nyingi za miaka ile. Walimchonga akiwa katika mavazi ya mchungaji. Mama yake mwenyewe ndiye aliyeifunua. Kijiji kile kilikataa kwamba maisha ya mtu yaelezwe na miezi michache ya mwisho aliyoyatumia chini ya amri. Kilitaka akumbukwe kwa kazi aliyoichagua.

Tena katika Eisteddfod kuna desturi ambayo kila mwanachama wa Haki na Amani angefurahi kuifahamu. Mshairi anapotawazwa, upanga mkubwa huletwa juu yake, huvutwa kidogo kutoka alani, na mkuu wa washairi huuliza kwa sauti kuu mara tatu: "Je, kuna amani?" Kila mara umati hujibu: "Amani!" Upanga haufutwi wote, bali hurudishwa. Maana yake ni kwamba jamii haiwezi kumtukuza mtu kabla ya kuulizana kwanza kama imepatana. Nimechukua swali hilo kuwa kichwa cha mazungumzo haya.

4. Jirani yake kaburini

Katika makaburi yale yale ya Artillery Wood yuko mshairi mwingine. Aliitwa Francis Ledwidge, Mkatoliki kutoka Slane nchini Ireland, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1887. Alikuwa mtoto wa familia maskini; alifanya kazi mashambani, akatengeneza barabara, akachimba shaba, na akashiriki katika chama cha wafanyakazi. Aliwapenda ndege na mashamba ya kwao, akayatungia mashairi. Aliipenda pia nchi yake na kutamani ijitawale. Hata hivyo mwaka 1914 alijiunga na jeshi la Uingereza, akaona mapigano ya Gallipoli na ya Balkani. Mwaka 1916, akiwa askari wa Mwingereza, alisikia kwamba Waingereza wamewapiga risasi viongozi wa maasi ya Dublin, na miongoni mwao alikuwamo mshairi Thomas MacDonagh, mtu aliyemfahamu. Alimtungia shairi la maombolezo. Fikirini uzito wa moyo wa mtu anayevaa sare ya wale waliomuua rafiki yake.

Ledwidge naye aliuawa tarehe 31 Julai 1917, siku ile ile na karibu na mahali pale pale alipokufa Hedd Wyn. Hakuwa akishambulia. Alikuwa na wenzake wakitengeneza barabara ya mbao juu ya tope, kazi ile ile aliyoifanya kwao kabla ya vita, kombora likawaangukia. Kasisi wa jeshi aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alikuwa ameungama siku iliyotangulia na kupokea Komunyo Takatifu asubuhi ile.

Wawili hao hawakujuana. Mmoja aliimba kwa Kiwelisi, mwingine kwa Kiingereza. Mmoja alikuwa Mprotestanti, mwingine Mkatoliki. Walizaliwa mwaka mmoja, wakafa siku moja, wakalazwa katika bustani moja. Na kilomita chache kutoka hapo, huko Langemark, wamelazwa Wajerumani zaidi ya 44,000, na zaidi ya nusu yao wamo katika kaburi moja la pamoja. Anayezuru Ieper bila kufika Langemark amezuru nusu tu. Wale nao walikuwa na mama zao, na bila shaka miongoni mwao walikuwamo waliotunga mashairi kwa lugha yao.

5. Sauti ambayo haikusikilizwa

Tarehe 1 Agosti 1917, yaani siku moja tu baada ya vifo hivyo, Baba Mtakatifu Benedikto XV aliwaandikia viongozi wa mataifa yaliyokuwa yakipigana. Alipendekeza silaha zipunguzwe kwa mapatano, ugomvi upelekwe kwa waamuzi, bahari ziwe huru, na nchi zilizotekwa zirudishwe, kuanzia na Ubelgiji. Vita ile aliiita mauaji yasiyo na faida. Hakuna taifa lililokubali mapendekezo yake. Kila upande ulimshuku kwamba anaupendelea upande wa pili, hata baadhi ya Wakatoliki walinung'unika. Vita ikaendelea kwa miezi mingine 15.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu mara kwa mara tunasikia kwamba wapenda amani hawana mpango, wana maneno mazuri tu. Barua ile ilikuwa na mpango. Wajumbe wa kamati zetu wanaopatanisha wagombea ardhi au koo mbili zenye uhasama watatambua mapokezi yake: kila upande hukuona umetumwa na mwenzake. Tusivunjike moyo kwa hilo. Mpatanishi hapimwi kwa kupigiwa makofi.

6. Na waliokufa kwetu?

Sasa niulize swali ambalo huenda limo mioyoni mwenu. Vita hiyo ilikuwa ya Wazungu, yatuhusu nini? Ndugu zangu, ilipiganwa katika ardhi yetu pia. Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga. Mwaka 1916 mapigano yalipita Taveta na Moshi, na mwezi Septemba mwaka huo askari wa Kikongo waliokuwa chini ya maafisa wa Ubelgiji, nchi ile ile ya Ieper, waliiteka Tabora. Wajerumani wa Afrika Mashariki walisalimu amri huko Mbala, nchini Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Waliobeba vita hiyo mabegani ni wapagazi. Waingereza peke yao waliwatumia watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, wengi wakichukuliwa kwa nguvu, ili kubeba chakula, risasi na wagonjwa. Wanaokadiriwa kufa ni karibu laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani nao uliwatumia wapagazi kwa namna hiyo hiyo. Majeshi yalichukua ng'ombe na nafaka za vijijini, na huko Ugogo wazee walisimulia habari za njaa kuu ya Mtunya iliyofuata. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, kama lile la Kariokor jijini Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Tunalitamka kila siku tukienda sokoni, na wengi wetu hatufikirii limetoka wapi.

Huko Ieper mtu ambaye mwili wake haukupatikana aliandikwa jina ukutani. Hiyo ilikuwa kanuni iliyotangazwa: wote waliokufa wakumbukwe sawa, bila kujali cheo, taifa wala dini. Hapa kwetu haikufuatwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Katika sanamu ya askari pale katikati ya Dar es Salaam, na katika zile za Nairobi na Mombasa, yako maneno ya heshima kwa askari na wapagazi wa Kiafrika, lakini jina la mpagazi hata mmoja halimo. Januari 2025 huko Cape Town lilifunguliwa kumbusho lenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika kazi za namna hiyo. Ni mwanzo mwema, uliochelewa zaidi ya miaka mia moja.

Nani awezaye kusema kwamba miongoni mwa wapagazi wetu hapakuwa na Hedd Wyn? Watu hawa walikuwa na ngoma, nyimbo na tenzi. Walikuwamo watunzi, walumbi, vijana waliojulikana kijiji kizima kwa sauti zao. Nao pia walikuwa na wadogo zao waliobaki nyumbani kwa sababu kaka alikwenda. Tofauti ni kwamba siku jina lao lilipoitwa na pakawa kimya, hakuna aliyeandika kwamba liliitwa.

7. Tufanye nini?

Nina mapendekezo manne, nayo yote yako ndani ya uwezo wa parokia.

Kwanza, tuyatafute majina. Katika familia nyingi bado yapo masimulizi ya babu au baba wa babu aliyechukuliwa "Kariakoo" na hakurudi, au aliyekwenda katika vita ya pili. Kila jumuiya iwaulize wazee na iandike daftari: jina, kijiji, alichukuliwa na nani, alifia wapi kama panajulikana. Majina hayo yasomwe katika Misa ya kuwaombea marehemu. Kazi hii haingoji msaada wa mfadhili.

Pili, tuyazuru makaburi yaliyo karibu nasi. Yapo makaburi ya vita ile Tanga, Moshi, Dar es Salaam na Taveta. Vijana wapelekwe, na wakiyaona mawe yaliyopangwa vizuri waulizwe: ni nani aliyebeba mizigo ya watu hawa, naye amelala wapi?

Tatu, tukumbuke pamoja na wale tuliotofautiana nao. Wairishi wametupa mfano. Wakatoliki na Waprotestanti wa Ireland walipigana bega kwa bega mwaka 1917 huko Mesen, karibu na Ieper, kisha wajukuu wao wakaishi katika uhasama. Tarehe 11 Novemba 1998, miezi saba baada ya mapatano ya amani ya Ireland ya Kaskazini, Rais wa Ireland na Malkia wa Uingereza walisimama pamoja hapo hapo na kufungua bustani ya amani yenye mnara, kwa heshima ya Wairishi wote waliokufa. Wafu waliwakutanisha walio hai. Katika vijiji vyetu pia yako makaburi ambayo upande mmoja tu huyatembelea.

Nne, tuichunguze lugha yetu. Kabla bunduki hazijalia, maneno hutangulia: majina ya dharau kwa kabila jingine, nyimbo za kejeli wakati wa uchaguzi, mzaha juu ya dini ya jirani. Mshairi ni mtu anayelipima kila neno kabla ya kulitoa. Kiongozi wa walei hana budi kujifunza sanaa hiyo.

Ndugu zangu, Hedd Wyn alipewa mada ya Shujaa, akaiandikia utenzi akiwa njiani kwenda kuuawa. Hakupata kukikalia kiti chake. Lakini swali linaloulizwa mbele ya kiti hicho linatuhusu sisi tulio hai, na halijibiwi kwa sababu tu bunduki zimenyamaza. Mahali ambapo mjane ananyang'anywa shamba, ambapo kijana anaandikishwa kwa kuwa baba yake hana wa kumtetea, ambapo wafu wa maskini hawana jina, tukiulizwa kama kuna amani, ni lazima tujibu kwa ukweli kwamba bado, kisha tuondoke kwenda kuitafuta.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, katika familia au kijiji chetu yuko mtu aliyechukuliwa vitani asirudi? Jina lake limehifadhiwa wapi?

2. Watu wa Trawsfynydd walimkumbuka mshairi wao kama mchungaji, si kama askari. Sisi huwakumbuka wafu wetu kwa mambo gani, na ni nani anayeamua?

3. Je, kuna wakimbizi au wageni katika parokia yetu? Wametuletea nini ambacho hatujakitambua?

4. Ni maneno gani yanayotumika katika mazingira yetu ambayo yanaweza kutangulia ugomvi? Jumuiya yetu itafanya nini ili kuyakomesha?